Fankisheni Yangu Ilirudisha Namba Moja, Ndama Akaenda

Leo hakuna vidio. Leo naandika, kwa sababu hii hadithi nikiisema mbele ya kamera nitaanza kucheka, na si ya kucheka. Nimeiweka tangu Februari mwaka jana. Mama amenipa ruhusa niiandike bora nisimtaje jina. Nimemwambia hakuna mtu atauliza jina lake, watu huuliza jina la ndama.

Kwa wageni: mimi ni yule wa vidio za R kwa Kiswahili. R ni lugha ya kompyuta ya kufanyia takwimu. Niliisoma chuoni miaka miwili, halafu salio la ada likanishinda nikarudi nyumbani Kiboko, hapa barabara ya Mombasa, ukishapita Emali na kabla ufike Makindu. Kama umewahi kupanda basi la kwenda Pwani, umetupita ukiwa umelala. Sina digrii. Kila wiki kuna mtu ananikumbusha hivyo kwenye maoni, kana kwamba nimesahau. Nina laptopu ya mtumba yenye betri ya dakika arobaini, na nina daftari moja la kaunta la kikundi cha mama. Hadithi inaanzia kwa hilo daftari.

Kwanza niwaeleze swali ambalo nimeulizwa mara nyingi kuliko yote. Huja hivi: "Msee, nimeandika fankisheni inahesabu vitu vitano, lakini inanipa kimoja tu. Hivyo vingine vimeenda wapi?"

Vimekufa. Sitakudanganya.

Fankisheni kwenye R ni kama jikoni ya mtu mwingine. Unapeleka mahindi na maharagwe dirishani, unaskia sufuria zikigongana, halafu unapewa sahani moja. Kila kilichokatwa, kilichochemshwa, kilichoonjwa huko ndani kinabaki huko ndani, na jikoni inafungwa. R inakurudishia kitu kimoja, na usipoiambia ni kipi, itakurudishia jibu la mstari wa mwisho kuhesabiwa. Ukijaribu ujanja wa kuandika return(a, b), itakukatalia waziwazi. Wale wa Python wana bahati, wao huandika return a, b na maisha yanaendelea, ingawa hata kwao ni kifurushi kimoja tu kimefungwa vizuri. Kwa R kifurushi unakifunga mwenyewe.

Sasa daftari.

Kikundi cha mama ni cha wanawake kumi na wanne. Wanalima ndengu, kila mtu shamba lake, lakini wanaweka stoo pamoja na kuuza pamoja, ili dalali asiwapate mmoja mmoja. Hapa kwetu ndengu ndiyo pesa. Mahindi unapanda kwa sababu hukulelewa vibaya, lakini ndengu unapanda kwa sababu unaijua mvua ya huku. Inakomaa kwa miezi miwili na kitu. Mvua ya vuli, ile ya Oktoba hadi Desemba, ndiyo tunategemea. Ya Machi ni ya kujaribu bahati. Kuna zile aina za zamani ambazo kila mtu anaziita Nailoni na Ankoo, na kuna mpya za KALRO kama Biashara na Ndengu Tosha. Susu wangu, yaani nyanya, bado anapanda Nailoni na hataki kuskia mengine.

Katibu wa kikundi, mama mmoja aliyefika darasa la saba, ameandika mavuno ya kila vuli kwenye hilo daftari tangu 2016. Magunia mangapi yameingia stoo. Basi. Hakuna kingine, lakini hajaruka mwaka hata mmoja, na mimi nimeona data za watu wenye digrii zikiwa na mashimo zaidi.

Septemba 2024 akaja mnunuzi. Si mtu mbaya, nataka niseme hivyo mapema. Alikuwa na mpango: atawapa mbegu iliyothibitishwa na dawa ya wadudu kwa mkopo, na wao watamletea magunia 25 ya kilo tisini kabla ya mwisho wa Februari, kwa bei iliyoandikwa. Wakizidisha, ziada wauze wanakotaka. Wakipungukiwa, watalipa pengo kwa pesa, kwa bei hiyo hiyo.

Akina mama wakaketi chini ya mwarobaini kando ya stoo. Mama akasema, "Mtoto wangu alisomea hii maneno ya hesabu. Atuambie kama 25 tunaweza."

Jamani. Mnajua vile niliskia? Tangu nirudi kutoka chuo, mtaani nilikuwa yule kijana anayeongea na simu. Kuna jirani aliniuliza kama ni redio nimefungua. Sasa mama ananiita mbele ya wanawake kumi na watatu na mnunuzi mwenye pikapu, ananiita kwa kile nilichoenda kusomea. Nilikimbia nyumbani kuchukua laptopu. Betri ilikuwa asilimia kumi na moja.

Nikaandika namba za katibu:

mavuno <- c(6, 31, 22, 74, 18, 4, 3, 66)

Hiyo ni vuli ya 2016 hadi ya 2023. Msome hata bila kompyuta. Hiyo 74 ni 2019, ile mvua ilikuja mpaka mto Kiboko ukasahau kingo zake. Hiyo 66 ni 2023, El Niño. Na hizo 18, 4, 3 zilizofuatana katikati ni 2020, 2021 na 2022, ile miaka Pembe ya Afrika yote ilikosa mvua misimu mitano mfululizo. Nyinyi mliiona kwenye habari, ng'ombe wamelala kando ya barabara. Sisi tulikuwa kwenye hizo habari, nyuma ya mwandishi, tukipita na mitungi.

Halafu nikaandika fankisheni yangu nzuri:

muhtasari <- function(x) {
  chini <- min(x)
  juu <- max(x)
  katikati <- median(x)
  mkengeuko <- sd(x)
  wastani <- mean(x)
  wastani
}

Angalieni hiyo fankisheni. Ilihesabu kila kitu. Ilijua mwaka mbaya zaidi ulikuwa magunia 3. Ilijua ukipanga misimu kwa mstari, ya katikati ni 20 na si 28. Ilijua mkengeuko sanifu ni 27.7, yaani kuyumba kwa mavuno kunakaribia kulingana na wastani wenyewe, na hiyo peke yake ingemfanya mtu yeyote mwenye akili afunge laptopu na kusema akina mama, ngojeni kwanza. Ilijua yote hayo kwa nukta moja ya sekunde. Halafu ikatema mstari wa mwisho.

28.

Nikasoma kwa sauti. "Wastani wenu ni magunia ishirini na nane."

Mnunuzi akatabasamu. Mwenyekiti akasema, basi 25 iko chini ya wastani, kuna nafasi ya magunia matatu. Watu wakaanza kupiga makofi. Susu peke yake ndiye aliuliza kitu. Alisema kwa Kikamba, na nitaweka kwa Kiswahili: "Na ule mwaka tulikula mbegu, uko wapi ndani ya hiyo namba yako?"

Nikamwambia, "Susu, uko ndani. Wastani umehesabu miaka yote."

Hilo jibu ni la kweli, na ndilo limenikosesha usingizi. Mwaka wa magunia 3 ulikuwa ndani. Ulikuwa umefunikwa na El Niño.

Laptopu ikazima. Wakatia sahihi.

Vuli ya 2024 ilikuwa mbaya huku kwetu. Ilianza, ikatudanganya wiki mbili, ikaenda zake. Wakapata magunia 11. Pengo ni magunia 14, na wanawake ni kumi na wanne, kwa hivyo hesabu ya deni ilikuwa rahisi hata bila R: kila mtu gunia moja. Mwenye pesa alilipa pesa. Mwenye kuku alianza kuuza kuku. Mama alikuwa na ndama mmoja, jike, wa rangi ya kahawia na doa jeupe kwenye paji la uso, ambaye alikuwa amewekewa ada ya dada yangu ya kidato cha tatu. Alienda soko la mifugo Emali siku moja asubuhi. Mimi ndiye nilishika kamba.

Mama hakuniambia kitu. Nataka mjue hivyo. Njia yote hadi soko aliongea juu ya bei ya sukari.

Usiku nikafungua laptopu, nikafungua ile faili, na ndipo nikaona kitu ambacho sikuwa nimekiona chini ya mwarobaini. Nilikuwa nimeyahesabu. Ingekuwa sijui, ningejisamehe, ningesema mimi ni wa kuacha chuo, hatukufika huko. Lakini hayo majina yako pale, chini, katikati, mkengeuko, niliyaandika kwa vidole vyangu. Nikaandika tu chini halafu nikabonyeza, R ikaniambia hicho kitu hakipo. Bila shaka hakipo. Kilikuwa kimezaliwa ndani ya fankisheni na kikafia humo.

Najua mtu ataandika kwenye maoni: si ungeongeza print()? Huu ndio ushauri wenye kumaliza watu. Ukiweka print() mle ndani, namba zitapita kwenye skrini kama matatu ya saa kumi na mbili jioni, utaziona, lakini hukuzishika. Ukiandika m <- muhtasari(mavuno) kile kinachobaki ndani ya m bado ni 28 peke yake. Kuonyesha mtu chakula si kumpa chakula. Na kuna wale wa <<-, wanaotupa vitu nje ya fankisheni kupitia dirishani. Inafanya kazi, siwezi kukataa, mpaka siku fankisheni mbili zinatupa kitu chenye jina moja na hujui ni ya nani. Achaneni nayo.

Dawa ni list(). Orodha. Ni kitu kimoja, kwa hivyo R haina la kulalamika, lakini ndani yake unaweza kuweka vitu vingi, kila kimoja na jina lake:

muhtasari <- function(x, ahadi) {
  list(
    wastani = mean(x),
    katikati = median(x),
    chini = min(x),
    juu = max(x),
    mkengeuko = sd(x),
    ilitimia = sum(x >= ahadi),
    misimu = length(x)
  )
}

m <- muhtasari(mavuno, 25)

Hapo kwa ilitimia nimeongeza swali ambalo mnunuzi alikuwa anauliza kweli. Yeye hakuuliza wastani ni ngapi. Aliuliza kama 25 itapatikana. Ukiandika m$ilitimia unapata 3. Ukiandika m$misimu unapata 8. Misimu mitatu kati ya minane. Hiyo ndiyo namba ningesoma chini ya mwarobaini, na nina uhakika asilimia mia hakuna mtu angepiga makofi.

Mtu atauliza kwa nini list() na si c(). Kama vyote ni namba, c() pia itakubeba, na unaweza kuipa majina. Shida inaanza ukichanganya. Ukiweka c(28, "vuli ya 2022"), R inageuza hiyo 28 iwe maandishi, na ukijaribu kuizidisha inakataa. Vekta ni kama gunia: ukichanganya ndengu na mawe, kwa mnunuzi hilo gunia zima sasa ni la mawe. Orodha ni kama kiondo chenye mifuko ndani. Namba inakaa na namba, jina na jina, hata jedwali zima linaingia, hata orodha nyingine.

Sasa kuzitoa. Hapa ndipo wengi wenu huanguka, na mimi pia.

m["wastani"] haikupi 28. Inakupa kiondo kidogo chenye 28 ndani, kikiwa bado kimefungwa. Ukijaribu kukizidisha mara mbili, R inagoma. m[["wastani"]] inafungua kiondo na kukupa namba yenyewe mkononi. m$wastani inafanya vivyo hivyo kwa maneno machache, ndiyo maana kila mtu anaipenda.

Lakini $ ina tabia moja ya rafiki anayejifanya anakuelewa kabla umalize kuongea. Ukiandika m$kati, itaona kuna katikati, iseme aah unamaanisha hii, na ikupe 20. Sawa. Ukiandika m$m, kuna mkengeuko na misimu, haijui uchague gani, inakupa NULL. Na ukikosea herufi, uandike m$katkati, pia inakupa NULL. Haipigi kelele, haiweki mstari mwekundu. Inanyamaza. Halafu unaiweka ndani ya sentensi kwa paste() na unatoa ripoti inayosema "Namba ya katikati ni" na mbele hakuna kitu, na unamtumia mtu. Nilimtumia mtu. Alikuwa mteja wangu wa kwanza wa kulipa, mwanafunzi wa uzamili, na alinirudishia kwa swali moja tu: "Ni ngapi?" Zile [[ ]] hazibahatishi jina nusu, na ndiyo maana kwa kazi ya mtu siku hizi natumia hizo.

Kama hujui ndani ya orodha kuna nini, uliza: names(m), au str(m). Fanyeni hivi kwa fankisheni za watu pia, si zenu tu. Ile t.test() inapokuandikia aya yake nzuri kwenye skrini, hiyo aya ni nguo tu. Chini yake ni orodha, na unaweza kuvuta $p.value peke yake, au $conf.int. lm() ndiyo noma zaidi. Inakuonyesha namba mbili tatu kama mtu asiye na mengi ya kusema, lakini ukiiuliza majina, ndani kuna vitu zaidi ya kumi, pamoja na residuals, yaani kila mahali mstari wako ulikosea, shamba kwa shamba. Walioiandika R walijua mtu mmoja atataka kitu kimoja na mwingine atataka kingine, kwa hivyo wakarudisha vyote na kumwachia mwenye kuuliza. Ross Ihaka na Robert Gentleman, Chuo Kikuu cha Auckland, New Zealand, miaka ya mwanzo ya 1990. Herufi ya kwanza ya majina yao ndiyo hiyo R, na pia ni utani kwa lugha ya zamani iliyoitwa S. Toleo la 1.0.0 lilitoka 29 Februari 2000. Mimi sikuwa nimezaliwa.

Nirudi kwa mama, kwa sababu kuna kitu sijawaambia.

Mama alifanya kibarua miaka mingi kwenye mashamba ya utafiti hapa Kiboko. Kuna kituo cha KALRO, na CIMMYT hujaribu mahindi yao humo, yale ya kustahimili ukame. Wanachofanya ni kitu cha ajabu ukikifikiria: wanapanda wakati wa kiangazi makusudi, wakijua haitanyesha, wanamwagilia vizuri, halafu wiki kama mbili hivi kabla mahindi yatoe maua wanafunga maji. Wanayatesa kwa ratiba, ili waone ni yapi yatavumilia.

Nikiwa mdogo nilidhani kazi ya mama ni kupima mahindi, yaani kilo. Kumbe kilo huja mwisho. Jioni moja baada ya ile safari ya Emali nilikuwa nimekaa jikoni nikimweleza kwa nini nilikosea, na nikajaribu kumweleza habari ya fankisheni na orodha, kwa Kikamba, na Kikamba changu cha kompyuta ni kibaya. Akaniskiza, akiwa anachagua ndengu kwenye ungo. Halafu akasema, kwani huko chuo hawakuwafundisha hivyo? Kule shambani, kwa kila mstari wa mahindi, karani alikuwa na safu nyingi kwenye karatasi. Siku ambayo lile ua la juu limeanza kutoa unga. Siku ambayo zile nywele za gunzi zimetoka. Urefu wa mmea. Magunzi mangapi kwa mimea mingapi. Mwisho kabisa, kilo.

"Hizo siku mbili," akasema, "ndizo walikuwa wanakimbilia kuangalia."

Nilienda kusoma, na ni kweli. Mahindi yakishikwa na kiu, nywele za gunzi huchelewa kutoka, lakini unga wa lile ua la juu haungoji. Siku zikiwa nyingi kati ya hivyo viwili, nywele zinatoka na kukuta unga umeisha, na gunzi linabaki na mapengo. Wataalamu wana kifupi chake, ASI. Unaweza kuwa na mistari miwili iliyotoa kilo zinazokaribiana, mmoja kwa sababu unavumilia ukame kweli, mwingine kwa sababu ulitoa maua mapema kabla kiu iume. Ukirudisha kilo peke yake, huwezi kujua ni upi wa kumpelekea mkulima. Ndiyo maana kila mstari ulirudisha kitu kama orodha, na mama yangu alikuwa akiita thamani zake kwa sauti, kwenye jua, kwa karani, miaka kumi kabla mimi nijue kuandika dola moja na jina.

Nilimuuliza kwa nini hakusema kitu siku ile ya mnunuzi. Akasema, "Ulisema namba kama mtu anayejua."

Sijui niliweke wapi hilo. Nimelibeba tu.

Kuna watu wataniambia niache kujilaumu, kwamba hata kama ningesoma namba zote saba wangetia sahihi, kwa sababu walihitaji mbegu. Inawezekana. Mwenyekiti mwenyewe ameniambia hivyo. Lakini wangetia sahihi wakijua ni misimu mitatu kati ya minane. Labda wangeomba iwe magunia kumi. Kwa data ile ile, kumi ilifikiwa misimu mitano, na hata 11 za mwaka huo zingetosha. Labda mnunuzi angekataa, aende na pikapu yake. Hayo yangekuwa mazungumzo yao. Mimi niliyamaliza kabla yaanze, kwa sababu nilitaka kuonekana nimesoma.

Na nitasema hili kwa wale wa kunikumbusha digrii: kosa langu halikutoka kwa kuacha chuo. Kule chuo tulifundishwa list() wiki ya nne. Niliipata kwenye mtihani. Nilichokosa ni mtu mmoja wa kuuliza "na ule mwaka tulikula mbegu", na nilipompata, nilimjibu haraka.

Septemba 2025 kikundi kiliketi tena. Mnunuzi mwingine, masharti yanafanana. Safari hii sikuleta laptopu mezani. Nilikuwa nimeandika kwa kalamu nene kwenye upande wa nyuma wa kalenda ya zamani, namba zote saba, kila moja na jina lake kwa Kiswahili na Kikamba, na vuli ya 2024 ikiwa imeongezwa na ile 11 yake. Wastani ulishuka kidogo, kufika 26. Katikati ikawa 18. Wakabishana saa mbili. Wengine walikasirika, mmoja alisema hizi namba ni nyingi zinaumiza kichwa, bora ile ya mwaka jana. Mwishowe walikubaliana magunia 8, na mkopo mdogo.

Wakati watu wanaondoka, Susu aliniita. Alikuwa bado ameketi pale, akiangalia ile kalenda, na yeye hasomi. Akataka nimwonyeshe 2022 iko wapi, nikamwonyesha kwenye chini. Akataka 2016. Halafu akauliza iko wapi ile yua ya Nikw'a Ngwete. Hiyo ni njaa ya miaka ya 1980 ambayo wazee wetu hawaisahau. Jina lenyewe ni kama kusema nakufa nikiwa nimeshika, kwa maana pesa watu walikuwa nazo mkononi na chakula cha kununua hakikuwepo.

Nikamwambia daftari linaanzia 2016. Hiyo haina namba.

Akasema iandike.

Nikamwambia, Susu, niandike ngapi?

Akaniangalia vile mtu anaangalia mbuzi aliyepanda juu ya meza. "Nimekuambia uandike. Sijakuambia ngapi."

Usiku nilifungua laptopu nikaongeza msimu mmoja mwanzoni mwa mavuno, NA, ile alama ya R ya kitu kilichokuwepo lakini hatuna kipimo chake. Nikaendesha fankisheni. Wastani, NA. Katikati, NA. Chini, NA. Zote zikageuka, isipokuwa misimu, ambayo ilisema 10. Najua na.rm = TRUE, msiniandikie. Nitaiweka. Lakini niliacha hivyo kwa skrini kidogo, nikampelekea Susu aone, na akauliza hizo herufi mbili zinasema nini, na nikamwambia.

Vidio ya [ ] na [[ ]] itatoka Alhamisi, stima ikikubali.